Silaha ya kwanza ya kulinda nyumba Marekani: jinsi ya kuchagua

Duka la silaha si mahali pa kufanyia uamuzi. Ukiingia humo hujui unachotaka, utatoka na kile ambacho muuzaji alitaka kipungue rafuni: kibastola kidogo mno kwa mtu anayeanza, au raifo yenye mapambo kuliko kazi. Uamuzi hufanyika nyumbani, na maswali ya kwanza hayahusu silaha. Nani wanalala chini ya paa hilo? Karatasi zao za uhamiaji zikoje? Kuta ni za nini? Ufunguo utakaa kwa nani?

Haya ni ya wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani, iwe ni Wakongo wa Lexington, Kentucky, au Wakenya na Watanzania wa Texas na Minnesota. Kenya na Tanzania silaha hutolewa kwa leseni ya mtu mmoja mmoja baada ya kuchunguzwa na vyombo vya dola, na yaliyoandikwa hapa hayafai kutumika huko.

Hatua ya kwanza: jua kama sheria inakuruhusu

Sheria ya shirikisho inamruhusu raia, na pia mkazi wa kudumu mwenye grinikadi, kununua silaha kwa muuzaji mwenye leseni. Umri ni miaka 21 kwa bastola na 18 kwa raifo au shotigani (bunduki ndefu ya marisau). Mkimbizi aliyepokelewa rasmi na mtu aliyekwisha kupewa hifadhi hawamo katika kundi lililokatazwa. Waliokatazwa ni aliyeko nchini bila kibali halali, na aliyeingia kwa viza ya muda: ya mwanafunzi, ya mtalii, ya kazi. Kwa hao wa viza kuna milango michache, mmoja wao ni leseni halali ya uwindaji ya jimbo, lakini usiutumie mlango huo kwa kubahatisha. Mwenye ombi la hifadhi ambalo halijajibiwa, au mwenye hadhi ya ulinzi wa muda, amwone wakili wa uhamiaji kabla ya kugusa chochote. Tunasema kugusa kwa sababu kilichokatazwa si kununua tu, ni kumiliki na kushika. Mpwa wako aliyekuja kusoma kwa viza ya F-1 haruhusiwi hata kukodi bastola kwenye uwanja wa shabaha, na ukimpa namba za sefu yako umemweka yeye, na wewe, mahali pabaya.

Kwa asiye raia, hatari haikomei jela. Kupatikana na hatia ya kosa la silaha, hata lile ambalo jimbo linaliona dogo, ni sababu ya kufukuzwa nchini kwa sheria ya uhamiaji. Mwenye grinikadi anayesubiri uraia anapaswa kulipima hilo kabla hajapima uzito wa bastola.

Dukani utajaza Fomu 4473. Inauliza kama umewahi kupatikana na hatia ya kosa kubwa la jinai, kama uko chini ya amri fulani za mahakama za kuzuia ukatili, kama umewahi kutiwa hatiani kwa kosa la ukatili wa nyumbani, hata lile dogo, na kama unatumia dawa zilizokatazwa. Bangi imetajwa kwa jina, na onyo lake linasema kwamba ruhusa ya jimbo haibadilishi sheria ya shirikisho. Miraa haikutajwa kwa jina, ila cathinone iliyomo ndani ya miraa mbichi iko katika Jedwali la Kwanza la dawa zilizokatazwa. Mtafunaji wa miraa anayetia alama ya "hapana" anasema uongo kwenye fomu ya serikali, na uongo huo ni kosa la jinai. Kumnunulia silaha rafiki ambaye hawezi kununua mwenyewe nako ni kosa la jinai, na sheria ya 2022 iliongeza adhabu yake hadi miaka 15. Kumnunulia mkeo au mumeo zawadi ya kweli, kwa fedha zako, ilhali yeye mwenyewe anaruhusiwa, si kosa.

Kisha duka hupeleka majina yako kwenye mfumo wa ukaguzi wa FBI uitwao NICS. Kwa wengi jibu huja ndani ya dakika chache. Kwa watu wetu mara nyingi huja neno "subiri", na sababu yake aghalabu si rekodi mbaya. Mkimbizi aliyeandikiwa kuzaliwa tarehe 1 Januari, kama walivyoandikiwa maelfu, anafanana kwenye kompyuta na watu wengine wengi wenye jina la kawaida na tarehe hiyohiyo. Jina lililopangwa tofauti kwenye leseni ya udereva na kwenye grinikadi huongeza mkanganyiko. Anwani ya zamani kwenye leseni inaweza kulifanya duka lisikuuzie kabisa siku hiyo. Kwa hiyo rekebisha leseni ya udereva kwanza, iwe na jina na anwani ya sasa, na beba kadi yenye namba yako ya uhamiaji. Anayecheleweshwa kila mara aombe kuwekwa kwenye faili la hiari la NICS. Akikubaliwa hupewa namba ya pekee ya kuandika kwenye fomu, na mkanganyiko hupungua.

Majimbo nayo yana yake. Illinois inataka kadi ya FOID (kitambulisho cha mwenye silaha) kwanza, kisha unasubiri saa 72. California ina cheti cha usalama na siku 10 za kungoja. Minnesota inataka kibali cha kununulia bastola. New Jersey na Massachusetts zinataka leseni kabla ya kufika kaunta, na New York inaitaka kwa bastola na raifo ya nusu otomatiki. Texas, Kentucky na Ohio hazidai kibali cha jimbo cha kununulia. Magazini (kasha la risasi linaloingizwa kwenye silaha) ya risasi zaidi ya 10 imekatazwa California, New York, New Jersey na Massachusetts. Soma tovuti ya polisi au mwanasheria mkuu wa jimbo lako wiki hiyo unayotaka kununua, kwa sababu sheria hizi hubadilika kila mwaka. Soma na mkataba wa nyumba ya kupanga, huenda unakataza silaha.

Hatua ya pili: angalia nyumba na watu wake

Kabla ya dola 600 za bastola, tumia dola 10 za skrubu. Bati la mlangoni linalopokea ulimi wa kitasa mara nyingi limeshikwa na skrubu fupi zinazoishia kwenye fremu laini, na teke moja huling'oa. Weka skrubu za inchi 3 zifike kwenye nguzo ya ukuta. Taa ya nje inayowaka mtu akipita ina faida usiku kucha, nawe umelala.

Kuna nyumba ambazo hazipaswi kuwa na silaha kwa sasa. Zaidi ya nusu ya vifo vya risasi Marekani ni vya watu waliojiua. Kama kuna mtu nyumbani anayepitia huzuni nzito, anayelewa kila wikiendi, au ndoa imefika mahali pa vitisho, ahirisha. Namba 988 hupokea simu za watu walio katika hali ya kutaka kujidhuru, saa zote. Kama silaha tayari ipo na hali imebadilika, itoke nyumbani kwa muda, kwa njia ambayo sheria ya jimbo lako inaruhusu. Baadhi ya maduka na vituo vya polisi hupokea silaha za kuhifadhi.

Kisha kuta. Nyumba nyingi za Marekani si za tofali wala mawe kama tulivyozoea. Ukuta wa ndani ni nguzo za mbao na mbao mbili za jipsamu, kila moja ya unene wa milimita 12.7, na katikati ni hewa. Risasi yoyote inayoweza kumsimamisha mtu hupenya ukuta huo na mara nyingi unaofuata. Chora ramani ya nyumba: vitanda vya watoto viko wapi, jirani wa apatimenti analala upande gani. Kutoka mlangoni mwa chumba chako, chora mistari ambayo huwezi kamwe kupiga kuelekea huko. Familia nyingine hugundua kwenye karatasi hiyo kwamba sehemu moja tu ya korido ni salama. Hilo ndilo litakaloamua utajificha wapi.

Hatua ya tatu: nunua mahali pa kuifungia

Sefu inakuja kabla ya silaha, la sivyo itakaa juu ya kabati "kwa muda tu", na mtoto wa miaka minne hupanda kabati. Kufuli ya waya inayotolewa na duka pamoja na bastola ni nzuri kwa kuhifadhi, ila si ya kufungua gizani ukiwa unatetemeka.

Kwa bastola, tafuta kisanduku cha chuma cha kufungua haraka, chenye vitufe unavyovihisi kwa vidole. Vile vya kufuli la mitambo lisilotumia betri hudumu zaidi, na havishindwi usiku ule ambao betri imekufa. Vya alama za vidole vya bei nafuu huvikataa vidole vyenye jasho, losheni au masizi, na vingine hufunguka kwa kidole cha mtu mwingine. Kisanduku kisichofungwa kwa boliti mwizi hukibeba kizima, kwa hiyo kifunge kwenye kitanda, kwenye rafu nzito au kwenye nguzo ya ukuta. Bunduki ndefu inataka kabati la chuma lililofungwa ukutani.

Majimbo kadhaa humtia hatiani mtu mzima aliyeacha silaha mahali mtoto anapoifikia. Wazazi wa mvulana aliyeshambulia shule ya Oxford, Michigan, mwaka 2021 walipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia mwaka 2024, kila mmoja akafungwa miaka 10 hadi 15. Miongoni mwa hoja za mashtaka ni kwamba bastola haikuhifadhiwa ipasavyo.

Hatua ya nne: chagua aina

Bastola ya nusu otomatiki ya milimita 9 ndiyo tunayopendekeza kwa nyumba nyingi, na sababu ya kwanza ni sefu: inaingia kwenye kisanduku kidogo kando ya kitanda. Sababu ya pili ni kwamba mkono mmoja hubaki huru kushika simu, kufungua mlango au kumvuta mtoto. Ubaya wake ni kwamba kati ya silaha zote hizi, bastola ndiyo ngumu zaidi kupiga nayo sawasawa.

Chukua saizi ya kati au kubwa. Glock 19 ndiyo kipimo kinachotumika kulinganishia nyingine: mtutu wa inchi 4, risasi 15, kama gramu 670 na magazini tupu. Smith & Wesson M&P9 na CZ P-10 C ziko darasa hilo. Kosa la kila siku ni kununua kibastola cha kubebea mfukoni, kama SIG P365 ya gramu 500 hivi, kwa ajili ya nyumba. Ni kitu kizuri kwa kazi yake. Lakini bastola nyepesi hupiga teke zaidi, mpini mfupi hauachi nafasi ya kidole kidogo, na mtutu mfupi huleta alama za kulengea karibu pamoja, hata kosa dogo la mkono likawa kubwa kwenye shabaha. Bastola ambayo haitatoka nyumbani haina haja ya kuwa ndogo.

Rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) ya risasi tano ya .38 husifiwa kama silaha ya wanawake na wazee kwa kuwa "haina mambo mengi". Ushauri huo umepitwa. Smith & Wesson 642 ina kama gramu 410 na triga yake (kifyatulio) huvutwa kwa nguvu ya karibu kilo 5, takriban mara mbili ya Glock. Mtu asiye na nguvu vidoleni ndiye itakayemshinda kwanza. Kwa mikono dhaifu au yenye baridi yabisi, jaribu bastola zilizotengenezwa slaidi yake (sehemu ya juu inayoteleza nyuma) ivutike kirahisi, kama M&P Shield EZ, inayobeba risasi 8.

Shotigani ni ya mtu mwenye bajeti ndogo, asiye na watoto wanaozurura usiku, na aliye tayari kujifunza. Mossberg 500 na 590, na Remington 870, ni za kukokiwa kwa kusukuma mkono wa mbele, na hupatikana kwa chini ya bei ya bastola nyingi nzuri. Geji ni kipimo cha upana wa mtutu. Geji 12 hupiga teke la kuchubua bega. Geji 20 yatosha na huvumilika. Angalia urefu wa kitako: cha kawaida kina kama inchi 14 kutoka triga hadi mwisho, na mtu mfupi hulazimika kuegemea nyuma kama anayesukumwa, halafu teke humkuta hajasimama imara. Kitako cha inchi 12.5 hadi 13 huwafaa karibu wote, hata warefu.

Uvumi kwamba shotigani haihitaji kulenga uachwe. Risasi ya namba 00 ina marisau 8 au 9, kila moja ya milimita 8.4, na kwa umbali wa chumba hutawanyika kwa upana wa ngumi au kiganja tu. Uvumi wa pili, kwamba sauti ya kukoki humfukuza mwizi, humwambia mwizi mahali ulipo. Kinachoharibika zaidi kwa anayeanza ni kuvuta nusu: chini ya hofu mkono haurudi mpaka mwisho, ganda halitoki, na triga inayofuata inapiga hewa. Na kama una geji zote mbili nyumbani, usizichanganye risasi. Ya geji 20 huteleza ndani ya mtutu wa geji 12 na kukwama mbele ya chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa), kisha ya geji 12 ikipigwa nyuma yake mtutu hupasuka. Ndiyo sababu risasi za geji 20 hutengenezwa za rangi ya manjano.

Raifo fupi ya AR-15 yenye mtutu wa inchi 16 ni rahisi kulenga kuliko zote mbili na teke lake ni dogo. Ajabu kwa wengi, vichwa vyepesi vya risasi zake za 5.56 vilivyotengenezwa kupasuka mara nyingi huishiwa nguvu baada ya kuta za jipsamu mapema kuliko risasi ya bastola, ingawa navyo hupenya. Kikwazo ni ukubwa wa sefu, ngurumo inayopita desibeli 160 ndani ya korido, na majimbo kadhaa yaliyoipiga marufuku. Usikate mtutu wa bunduki yoyote: chini ya inchi 16 kwa raifo na 18 kwa shotigani unaingia kwenye sheria ya shirikisho ya 1934 (National Firearms Act, ya silaha zinazopaswa kusajiliwa), na hapo hakuna "sikujua".

Kuhusu ukubwa wa risasi, usipoteze usiku. FBI yenyewe ilirudi kwenye milimita 9 katika miaka ya 2010 baada ya kutumia .40 kwa muda mrefu. Teke ni dogo, risasi ni nafuu, na matokeo hayatofautiani kiasi cha kujali.

Hatua ya tano: shika, kodi, piga

Viwanja vingi vya ndani hukodisha bastola. Kodi mbili au tatu siku moja. Kabla ya kupiga, pima haya silaha ikiwa tupu. Mpini ukae katikati ya gumba na kidole cha shahada, mtutu ukiwa mstari mmoja na mfupa wa mkono wako. Nyama ya ncha ya kidole ifike kwenye triga bila kupinda mkono. Uweze kuvuta slaidi hadi mwisho mara kumi. Ikishindikana, usivute kwa kidole gumba na cha shahada: shika slaidi kwa kiganja kizima, weka bastola karibu na kifua mdomo ukielekea mbele, kisha mkono wa mpini usukume mbele huku mwingine ukivuta nyuma. Wengi walioambiwa hawana nguvu hufanikiwa hapo hapo.

Mke na mume wapime wote. Ikiwa silaha ni ya wawili, inachaguliwa kwa mkono ulio mdogo.

Bandika sahani ya karatasi ya sentimita 20 kwa umbali wa mita 6. Bastola ambayo unaweka risasi kumi zote ndani ya sahani hiyo bila haraka ni yako, hata kama mwenzako anaicheka. Risasi zikienda chini kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia, mara nyingi bastola haina kosa. Mkono unausubiri mshindo na kuusukuma chini kabla haujaja. Ganda likikwama limesimama kwenye slaidi, angalia kwanza kifundo cha mkono: kikilegea, slaidi haipati kitu cha kusukumia na hairudi nyuma yote.

Silaha iliyotumika huweza kuwa nafuu, lakini tazama tovuti ya kiwanda kama namba yake imo kwenye orodha ya zilizoitwa kurekebishwa.

Hatua ya sita: gawa fedha zako

Tuseme una dola 1,000. Bastola mpya ya saizi ya kati itachukua kama 500 hadi 600. Kisanduku cha chuma 100 hadi 200. Zinazobaki ziende kwenye vizibo vya masikio, miwani, risasi, tochi na somo moja la mwalimu. Usinunue kilengeo cha nukta nyekundu mwaka wa kwanza.

Risasi ni za aina mbili. Za mazoezi zina kichwa kilichofunikwa shaba chote, nafuu, na ndizo zinazopenya kupita kiasi; zisikae ndani ya silaha ya nyumba. Za ulinzi zina kichwa chenye tundu kinachofunguka mwilini, kama Federal HST au Speer Gold Dot za uzito wa greni 124. Kipimo kinachotumiwa na FBI ni zipenye inchi 12 hadi 18 za jeli maalumu. Kabla ya kuiamini bastola, ipitishe risasi 150 za mazoezi na 50 za ulinzi, kwa kila magazini uliyo nayo. Magazini inayokwama mara mbili iandike alama na uitumie mazoezini tu.

Tochi ya mkononi ni lazima. Huwezi kumpiga usiyemwona, na kijana wako anayerudi saa nane usiku kupitia mlango wa nyuma ana kivuli kama cha mwizi. Taa iliyofungwa kwenye bastola ni nzuri, ila popote unapomulika, mtutu umeelekea huko. Kutafutia, tumia ya mkononi.

Hatua ya saba: mazoea ya mkono

Kanuni nne zilizopangwa na Jeff Cooper, mwalimu Mmarekani wa kupiga silaha, zinatosha kuanzia. Ichukulie kila silaha kuwa imejaa. Usielekeze mtutu kwa kitu usichokubali kukiharibu. Kidole nje ya triga mpaka umelenga. Jua unachopiga na kilichoko nyuma yake.

Kuondoa risasi ndiko watu wanakojipigia. Utaratibu ni huu, na haubadiliki:

1. Mtutu uelekee mahali salama, kidole nje ya triga, kikilala kwenye fremu.
2. Toa magazini, iweke mbali.
3. Vuta slaidi hadi mwisho mara tatu. Risasi iliyokuwa chemba iruke. Iache ianguke, usiidake.
4. Izuie slaidi ibaki nyuma, chemba ikiwa wazi. Tazama ndani ya chemba, kisha ingiza kidole kidogo uhisi.

Ukigeuza namba 2 na 3, slaidi inatoa risasi moja na kuingiza nyingine kutoka kwenye magazini, nawe unaamini ni tupu. Glock hasa inahitaji uvute triga kabla ya kuifungua kwa usafi, hivyo kosa hilo huishia kwenye ukuta au mguu.

Ukisikia "puff" badala ya mshindo, simama. Kichwa cha risasi huenda kimekwama mtutuni, na ya pili yake hupasua bastola. Risasi uliyoitoa chemba usiirudishe mara kwa mara: kila ikigonga, kichwa husogea ndani ya ganda kidogo, na shinikizo hupanda. Linganisha urefu wake na mpya. Ikiwa fupi, usiipige; itupwe kwa utaratibu wa uwanja.

Baada ya kupiga, nawa mikono kwa sabuni na maji baridi kabla ya kula au kumbeba mtoto, kwa sababu ya sumu ya madini ya risasi (plumbi). Nguo zifuliwe peke yake. Usafi ni kitambaa mtutuni na tone moja la mafuta kwenye kila reli ya slaidi. Mafuta mengi hukusanya masizi, na bastola huanza kusita.

Hatua ya nane: panga usiku wenyewe

Usiende kusaka nyumba nzima. Kusanya watu kwenye chumba kimoja, funga, piga 911. Kama Kiingereza kinakukimbia, taja anwani kwanza kisha neno "Swahili"; vituo vingi huunganisha mkalimani wa simu. Sema wewe ni mwenye nyumba, uko chumba gani, una silaha, umevaa nini. Polisi wakifika silaha isiwe mkononi. Kwa mtu mweusi hili halina mjadala: askari anayeingia gizani haoni mwenye nyumba, anaona bastola.

Sheria ya kutumia nguvu ya kuua hutofautiana kwa jimbo, lakini msingi ni hofu ya kweli na ya karibu ya kuuawa au kuumizwa vibaya. Televisheni inayotoka mlangoni na gari linaloondoka si sababu. Anayekimbia hapigwi mgongoni. Iwapo silaha imetumika, omba gari la wagonjwa, onyesha polisi ushahidi na mashahidi, kisha sema utaongea ukiwa na wakili. Namba ya wakili iwe kwenye simu tangu siku ya kununua.

Na begi unalobebea vitu vya uwanja wa shabaha lisiwe begi la safari. Risasi moja iliyosahauliwa kwenye mfuko wa pembeni ni tatizo kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege Marekani, na ukishuka nayo Nairobi ni kosa la kumiliki risasi bila cheti.